Risasi Ukutani

Jumatatu, Augusta, theluji imegeuka matope,
Dokta Thibodeau alichora mstari mwekundu ubaoni.
Juu ya mstari, alisema, ni yale tutakayoyafanya.
Chini ni yale tutakayosikitika kutoyafanya.
Tulikuwa tisa. Kahawa ilikuwa ya jana.
Mafua, juu. Kupe wa msituni, juu,
kwa kuwa kupe alimng'ata mbunge mmoja wa jimbo
na wabunge hukumbuka.
Maji ya visima yalining'inia kwenye mstari wenyewe.
Rangi ya kale ya nyumba ikaandikwa chini kabisa,
herufi ndogo, kalamu ikikauka.

Sikusema kitu. Kazi yangu ni kupima na kutafsiri;
mshahara wangu nao ulikuwa chini ya mstari.

Alasiri niliendesha gari hadi Lewiston,
nyuma ya viwanda vya pamba vilivyokufa,
ghorofa ya tatu, ngazi zinanung'unika.
Mama Nzigire alifungua kabla sijabisha.
Nikavua viatu, nikapewa chai,
nikaanza kama tulivyofundishwa: habari njema kwanza.
Habari njema ikaisha upesi.
Mama, nikasema, damu ya mtoto imeonekana ina risasi.

Aliweka kikombe chini polepole.
Akamvuta mwana, akampapasa kifua, mgongo, kisogo,
akitafuta tundu.

Nani amempiga?

Lugha yangu tajiri,
yenye mpunga shambani, mchele ghalani, wali sahanini,
ilikuwa na neno moja tu kwa vitu hivi viwili.

Tulitoka Walungu kwa sababu ya risasi, akasema.
Miaka kumi na minne Nakivale kwa sababu ya risasi.
Serikali yenu ikatupa ufunguo, ikasema hapa ni salama.
Sasa waniambia imo ukutani?

Imo ukutani. Imo kwenye fremu ya dirisha.
Waliipaka zamani ili rangi ing'ae, idumu.
Imedumu.
Kila ukifungua dirisha mbao zinasagana,
unga unashuka, mtoto anaweka mkono, analamba kidole.
Ni tamu, nikasema. Hilo ndilo baya lake.

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema ufanyeje ukuta wenyewe ukiwa ndio ugonjwa
na mwenye nyumba yuko Florida, hapokei simu.

Tukapiga magoti, yeye na mimi, na kitambaa cha maji.
Lowesha, futa, kunja; usirudie upande uliotumika.
Ufagio mkavu, usiuguse.
Alinitazama kama mtu anayefundishwa usafi na mtoto wa jana.
Nzigire, miaka miwili na nusu, alitupanda migongoni.

Kizingiti, ofisini kwetu, ni namba:
ikivukwa, faili hufunguliwa, mkaguzi hutumwa.
Kwake yeye kizingiti ni ubao wa mlangoni
alioufuta asubuhi na jioni, akihesabu.
Kumi na tisa, mwezi wa Machi.
Kumi na nne.
Tisa, majani ya mtoni yalipoanza kuwa mekundu.

Oktoba walirudi ubaoni, wakaniomba matokeo.
Niliandika ukurasa mmoja, na ulinishinda.
Tunalipwa kwa ajili ya mambo yasiyotokea,
na yasiyotokea hayana mashahidi:
mtoto ambaye hatasahau herufi za jana,
mwalimu ambaye hatapiga simu nyumbani,
mama ambaye hatauliza tena nani amempiga.

Dokta Thibodeau aliusoma amesimama.
Kisha akaufuta mstari kwa kidole, hakutafuta dasta,
akauchora upya, chini kidogo,
upana wa kidole kimoja.
Rangi ya nyumba iliingia nusu.

Kidole chake kilibaki chekundu, akanyoosha mkono kwenye mkate.
Kanawe kwanza, nikamwambia.